Kushonwa Baada ya Kujifungua: Mkono wa Mwanafunzi Unafundishwaje?



Wapendwa wasomaji, safari hii tunapenda kuongea nanyi juu ya jambo ambalo katika familia nyingi husemwa kwa kunong'ona, nalo ni kushonwa baada ya kujifungua. Tunalileta hapa kwa sababu akina mama wanaokuja kliniki wanatuuliza mara kwa mara, wengine kwa woga na wengine kwa hasira kidogo: "Sista, ni kweli kwamba hapa tunashonwa na wanafunzi?" Ni kweli. Hospitali yetu ina chuo, na wanafunzi wa ukunga hushona. Lakini mpaka mkono wa mwanafunzi umfikie mama, umekwisha kupita mahali pengi, na leo tutawapitisha huko ili mjue mnakubali nini mnapokubali na mnakataa nini mnapokataa.

Tuanze na mwili wenyewe. Msamba ni sehemu iliyo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Ni mahali padogo, upana wa vidole viwili au vitatu tu, lakini chini ya ngozi misuli imepishana kama ukili wa mkeka, nayo inasaidia kubeba viungo vya ndani ya nyonga visishuke. Mtoto anapotoka, msamba hutanuka mpaka unakuwa mwembamba sana. Kwa mama wa uzazi wa kwanza, au mtoto akiwa mkubwa, au kichwa kikitoka kwa kasi, mara nyingi huchanika. Mama ambaye alikeketwa ana kovu mahali pasipotanuka vizuri, kwa hiyo yeye yumo katika hatari zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha kabisa mila hiyo. Kuchanika si adhabu, si uzembe wa mama katika kusukuma, wala si ushahidi kwamba alitoka nje ya ndoa. Maneno ya namna hiyo bado tunayasikia kwa wanaosindikiza wazazi, na tungependa yakome.

Michaniko ina madaraja manne. Daraja la kwanza ni ngozi peke yake. Nyingine ndogo haihitaji hata kushonwa. Daraja la pili ni ngozi pamoja na misuli ya msamba. Daraja la tatu limefika kwenye msuli wa duara unaofunga njia ya haja kubwa, na la nne limepasua mpaka utando wa ndani wa njia hiyo. Mkunga hushona daraja la kwanza na la pili. La tatu na la nne ni kazi ya daktari mwenye ujuzi huo, katika chumba cha upasuaji, kwenye mwanga mzuri na kwa ganzi ya kutosha. Tafadhali shikeni tofauti hiyo, maana tutairudia.

Akina mama walio na watoto wakubwa watauliza: mbona sisi tulikatwa kwa mkasi? Hilo ndilo tuliloliita kuongezwa njia. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba karibu kila mama wa uzazi wa kwanza aongezwe njia, kwa maana kidonda cha mkasi kimenyooka na kinashoneka kwa urahisi kuliko mchaniko. Ilikuwa hoja nzuri kuisikia. Lakini mwaka 1993 jarida la madaktari la Uingereza liitwalo Lancet lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika Argentina kwa akina mama 2,606. Kundi moja waliongezwa njia kwa desturi, na kundi la pili waliongezwa pale tu palipokuwa na sababu. Katika kundi la kwanza waliokatwa walikuwa zaidi ya 80 katika kila 100, na katika la pili 30 hivi. Wale waliokatwa kwa desturi hawakuonekana kukingwa na michaniko mikubwa, tena walishonwa wengi zaidi na maumivu yao yalikuwa mengi zaidi. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani liliiweka desturi hiyo kati ya mambo yanayofanywa kupita kiasi, na katika mwongozo wake wa mwaka 2018 likasema wazi kwamba kuongeza njia kwa desturi hakushauriwi. Siku hizi mkasi hutumika kwa sababu maalumu, kwa mfano mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka na kichwa kikiwa kimekwisha kufika mlangoni.

Basi mtu anaweza kudhani kwamba kazi ya kushona imepungua. Haikupungua kwa kiasi hicho, kwa sababu wanaojifungulia kwenye vituo vya afya wameongezeka sana. Kwa takwimu za serikali yetu ya Tanzania, mwaka 2010 nusu tu ya watoto walizaliwa katika vituo vya huduma za afya. Mwaka 2022 walikuwa 81 katika kila 100. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sehemu kubwa ya vituo hivyo ni zahanati za vijijini, ambako usiku mkunga anaweza kuwa peke yake na taa ya sola na mgonjwa mmoja anayetoka damu. Daktari yuko mbali, na gari la wagonjwa huenda lipo na huenda halipo. Mkunga huyo ni yule yule aliyekuwa mwanafunzi wetu mwaka jana. Kama mkono wake haukufundishwa hapa, atafundishwa kule na nani?

Kushona hakufundishiki ubaoni. Mwanafunzi anaweza kuandika hatua zote bila kukosa hata moja na kupata alama 90, halafu ukampa sindano akaishika kama anataka kutoa mwiba mguuni. Sindano yetu si ile ya kushonea nguo. Imepinda nusu duara kama ndoana ya samaki, na haishikwi kwa vidole. Hushikwa kwa koleo la sindano, sehemu ya theluthi mbili kutoka kwenye ncha. Ncha inaingia ngozini wima, kisha kiganja kinazunguka, nayo sindano inafuata mpindo wake yenyewe mpaka itokee upande wa pili. Anayeisukuma moja kwa moja ataipinda, au atairarua nyama. Mzunguko huo mdogo wa kiganja unawatesa wanafunzi kwa siku kadhaa. Halafu asubuhi moja unakuja, na hausahauliki tena, kama vile kuendesha baiskeli.

Kwa hiyo tunaanza na sponji. Tunachukua vipande vya godoro kuukuu, tunavichana kwa kisu na kuwaambia wanafunzi wafunge. Sponji ina adabu yake: ukivuta uzi kwa nguvu inakunjamana na kukushtaki papo hapo. Hili ni somo kubwa kuliko linavyoonekana. Mwanafunzi hudhani kwamba mshono uliokazwa sana ndio imara, kumbe nyama ya binadamu huvimba baada ya kujifungua, na mshono uliobana huikata na kuinyima damu, mama akaumia siku zote na nyuzi zikaachia. Kingo za kidonda ziguse tu, zisalimiane, zisigombane. Baada ya sponji tunatumia ganda la ndizi, maana hilo likichezewa linachanika na kuonyesha nani ana mkono mzito. Wale waliokulia nyumba ya fundi cherehani huwa wanatangulia wenzao, tena wanajua kwamba kupiga bandi ni jambo moja na kushona kwa kudumu ni jingine.

Kisha tunakwenda buchani kununua ulimi wa ng'ombe. Muuza nyama wetu kwa muda mrefu aliamini kwamba wauguzi wanapenda mchuzi wa ulimi kuliko watu wengine wote wa wilaya hii. Ulimi unatufaa kwa sababu una ngozi ngumu juu na misuli minene chini, hivyo mwanafunzi anajifunza kushona kwa tabaka: kwanza ukuta wa ndani wa njia ya uzazi, halafu misuli, mwisho ngozi. Ukishona ngozi na kuiacha misuli chini yake wazi, panabaki mfuko unaojaa damu, na baada ya siku chache unakuwa usaha. Tunawafundisha kuanzia sentimita moja juu ya mahali mchaniko unapoishia ndani, maana mshipa wa damu uliokatika huweza kujivuta na kujificha huko juu ukaendelea kuvuja huku nje pamefungwa vizuri. Mazoezi yakiisha ulimi huo hauliwi na mtu wala mbwa. Una nyuzi ndani yake, kwa hiyo unafukiwa. Wanafunzi wa kutoka familia za wafugaji husikitika kila mara.

Tuseme neno juu ya wanaotumia mkono wa kushoto. Karibu kila darasa analo mmoja, na mara nyingi nyumbani alipigwa ili auache. Anakuja kwetu akijilazimisha kwa mkono wa kulia, na mshono wake unakwenda kombo. Huyo tunamweka mbele yetu uso kwa uso, si pembeni, ili atuone kama anajitazama katika kioo, na tunamwambia atumie mkono aliopewa na Mungu. Hakuna mama aliyewahi kujua kutokana na kovu lake kama alishonwa kwa kushoto au kwa kulia.

Jambo jingine tunalolikazia kwenye sponji ni vidole. Sindano iliyopita katika mwili wa mama haiguswi kwa mkono, hata ndani ya glavu. Inashikwa kwa kibano na koleo, na ikiisha kazi inaingia katika sanduku la usalama. Ukimwi na homa ya ini hupita katika tundu dogo sana. Mwanafunzi mwenye hofu ya kujichoma hutetemeka, na mwenye kutetemeka hujichoma. Ndiyo maana tunataka mkono uwe umekwisha kuzoea kabla ya damu kuwepo.

Hapo ndipo tunafika kwa mama. Mwanafunzi kwanza anatazama. Kisha anasaidia: anashika taa, anakata uzi, anahesabu vipande vya gozi kabla na baada, maana gozi iliyosahauliwa ndani ni balaa. Baadaye anashona mchaniko mdogo, mkunga mzoefu akiwa amevaa glavu na kukaa ubavuni pake, si kusimama mlangoni akipiga simu. Kila mshono unaandikwa katika kitabu chake cha mafunzo na kutiwa saini na aliyemsimamia. Kazi ambayo mkunga mzoefu anaimaliza kwa dakika 20, mwanafunzi ataifanya kwa 40. Hatufichi. Muda huo mama afunikwe vizuri, apewe mtoto wake amnyonyeshe, na aambiwe kila linalotendeka. Ukweli ni kwamba mara nyingi mwanafunzi huongea na mama kwa upole kuliko sisi wakongwe.

Sasa tuje kwenye ganzi, maana hapa tuna neno zito. Hakuna mama anayepaswa kushonwa akiwa anasikia kila mchomo. Tunafahamu kwamba mahali pengine akina mama wameambiwa "vumilia, ni dakika mbili tu," au "mbona wakati wa kutafuta mtoto hukulia?" Lugha hiyo ni dhambi, na tunaliandika neno hilo tukijua uzito wake. Dawa ya ganzi, lignokaini, ni ya bei nafuu na inapatikana hata zahanati. Mwanafunzi anafundishwa kuvuta bomba la sindano nyuma kidogo kabla ya kusukuma dawa, ahakikishe hakuingia kwenye mshipa wa damu. Anaichoma chini ya ngozi na katika misuli. Halafu anangoja dakika mbili. Kisha anabana ngozi kwa kibano na kuuliza, "Mama, unasikia?" Mama akisikia, anangoja dakika mbili nyingine na kujaribu tena. Dakika hizo ni nyingi kwa mtu mwenye haraka, lakini ni somo kama lilivyo fundo. Atakayesikia kuguswa na kuvutwa bila maumivu makali, ganzi imeshika. Atakayesikia mchomo, aseme kwa sauti. Si utovu wa adabu.

Uzi nao umebadilika. Zamani tulitumia katigati, uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Siku hizi upo uzi wa kutengenezwa kiwandani ambao pia unayeyuka wenyewe mwilini, na tafiti zimeonyesha kwamba akina mama wanaoshonwa kwa huo huumia kidogo kuliko wale wa katigati katika siku za mwanzo. Kwa hiyo mama hahitaji kurudi kutolewa nyuzi za msamba, na akiona kipande cha uzi kimeanguka baada ya majuma mawili asishtuke.

Kuna jambo la wanaume, nalo tutalipita haraka kwa kuwa gazeti hili husomwa sebuleni. Wapo akina baba wachache, na wakati mwingine mama wakwe, wanaomnong'oneza mkunga "aongeze mshono mmoja" ili kukaza. Tunawafundisha wanafunzi wakatae. Kazi yetu ni kurudisha kila kitu mahali pake kilipokuwa. Mshono wa kuongeza unamletea mama maumivu ya miaka katika ndoa yake, na baba aliyedhani anajitafutia raha atamkuta mke anayemwogopa.

Tulisema tutarudi kwenye daraja la tatu na la nne, na hapa ndipo penye kiini cha mambo yote tunayoyafundisha. Ule msuli wa duara wa njia ya haja kubwa umekaa kama ukanda wa mpira uliovutwa. Ukikatika, ncha zake mbili hurudi nyuma, kila moja upande wake, na kujificha ndani ya nyama. Anayetazama juu juu anaona mchaniko wa kawaida. Anashona ngozi vizuri, mstari umenyooka, mama anapongezwa na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa nje kazi ni safi. Ndani msuli umebaki wazi.

Ndiyo maana kwenye sponji zetu tunaficha ukanda wa mpira, baadhi umekatwa na baadhi mzima, na mwanafunzi haambiwi. Kabla ya kushika sindano anatakiwa aseme ni upi. Na kwa mama vivyo hivyo: kabla ya kushona, mkunga anavaa glavu safi na kwa idhini ya mama anaingiza kidole polepole katika njia ya haja kubwa, anausikia msuli kati ya vidole viwili na kumwomba mama abane kama mtu anayezuia hewa. Baada ya kushona anapima tena, kuona kwamba hakuna uzi uliotoboa mpaka huko, kisha anabadili glavu. Akina mama wengi hukiona kipimo hiki kuwa aibu, na wanafunzi nao huona haya kukifanya, hasa kwa mtu mwenye umri wa mama yao. Hapo hatuna huruma. Mwanafunzi anayeshona ulimi wa ng'ombe kwa mshono wa kupendeza lakini akaruka kipimo hiki, harudi wodini wiki hiyo. Anarudi kwenye sponji.

Tutawaeleza kwa nini. Alikuja kwetu mama mmoja wa makamo kutoka kigango cha mbali, akisindikizwa na mjumbe wa jumuiya yake ndogo ndogo. Alikuwa amejifungua kitinda mimba wake miaka tisa nyuma, katika kituo ambacho hatutakitaja, akashonwa, na tangu hapo hakuweza kuzuia hewa wala choo kilicho laini. Alipokwenda kuuliza mara ya kwanza aliambiwa ni kawaida ya uzazi. Hakuuliza mara ya pili. Alikuwa anavaa vitambaa, anafua usiku, na Misa alikuwa anaisikilizia chini ya mwembe nje ya kanisa. Watu walidhani ana ugomvi na wanawake wenzake wa kwaya. Mume hakumwacha, tumwombee heri mume huyo. Tulipompima, msuli ulikuwa umekatika na juu yake kovu dogo, limenyooka, zuri kabisa. Alipelekwa hospitali ya rufaa akafanyiwa upasuaji. Hakupona kwa asilimia mia, kwa kuwa msuli uliokaa miaka tisa bila kazi haurudi wote, lakini sasa anakaa ndani ya kanisa, upande wa mlangoni.

Ndugu wasomaji, huenda hata katika parokia yako yupo mmoja aliye chini ya mwembe. Wengine hawana tatizo la msuli bali wana fistula, yaani tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu au njia ya haja kubwa, ambalo hasa huletwa na uchungu uliokawia siku nzima au mbili bila msaada. Mambo haya mawili si yale yale, lakini aibu yake ni moja, na yote mawili yana matibabu. Hospitali ya Bugando kule Mwanza, ambayo ni ya Baraza la Maaskofu, na ile ya CCBRT mjini Dar es Salaam, ni kati ya mahali wanapotibu fistula. Anzieni hospitali iliyo karibu nanyi, mwombe barua ya rufaa.

Turudi kwenye lile swali la mwanzo. Je, mama anaweza kukataa kushonwa na mwanafunzi? Anaweza. Mwanafunzi lazima ajitambulishe kwa jina na kusema yuko mwaka gani, na mama aulizwe kabla uchungu haujapamba moto, si wakati amekwisha kulala kitandani miguu juu. Akikataa, hahitaji kutoa sababu, na hatahudumiwa kwa kununiwa. Vile vile tunao wanafunzi wa kiume. Ni wakunga wazuri, lakini mama asiyetaka asilazimishwe. Sisi tunachoomba ni kwamba asikatae kwa kudhani kwamba mwanafunzi anakuja kujaribu bahati yake. Wale wakunga Waebrania, Shifra na Pua, tunaowasoma katika kitabu cha Kutoka, nao waliwahi kuwa na siku yao ya kwanza, na bila shaka palikuwa na mkunga mzee aliyewakalia ubavuni. Mama akimwona mwanafunzi yuko peke yake, bila mkunga wa kumsimamia, hapo ana haki ya kusimamisha kazi na kuomba msimamizi aitwe. Tena tungefurahi akifanya hivyo.

Nyumbani kidonda kinataka usafi na pumziko kuliko dawa. Mama ajiswafi kwa maji safi kila aendapo haja, ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, abadili pedi au kitambaa mara kwa mara, na vitambaa vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Maji ya chumvi kidogo hayamdhuru, ila hayana muujiza. Dawa kali za kuua vijidudu asizikalie, zinaunguza. Mitishamba, majivu na unga wa namna yoyote visiwekwe kabisa. Bibi wanaokanda wazazi wanatupenda na sisi tunawapenda, lakini maji ya moto kweli kweli juu ya mshono mbichi yamewahi kutuletea mama mwenye malengelenge. Maji yawe ya uvuguvugu, na msamba usikandwe. Choo kigumu ndicho adui wa mshono: anywe maji mengi, ale mboga za majani, maharage, papai, uji usiokobolewa. Maumivu yakimsumbua anaweza kumeza parasetamoli. Kwa upande wa ndoa, baba asubiri mpaka kidonda kimepona na mama mwenyewe amesema yuko tayari. Ile kliniki ya majuma sita ni wakati mzuri wa kupimwa na kuuliza.

Asingoje kliniki bali aje siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili, akiona damu nyingi inayolowanisha pedi upesi, homa, harufu mbaya, usaha, uvimbe unaozidi na maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, nyuzi kuachia na kidonda kufunguka, au choo na hewa vikitoka bila yeye kujua. Hilo la mwisho asikubali kuambiwa na mtu yeyote kwamba ni kawaida. Akiambiwa hivyo, aje kwetu, au aende kwingine, aulize mara ya pili.

Na mwenye godoro kuukuu la sponji nyumbani asilitupe. Likifuliwa na kukauka, alikabidhi kwa katekista wa kigango, nasi tutalichukua gari la hospitali linapopita kwenye kliniki ya mkoba. Darasa jipya linaanza na vidole vyao bado ni vigumu.